Unakwenda Dar Wakati wa Masika? Tufungashe Begi Pamoja

Haya ni mazungumzo ya muuguzi mmoja na vijana wa Muyama, mkoani Kigoma, waliokuwa wakijiandaa kwa safari ya likizo kwenda Dar es Salaam mwezi wa Aprili. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Hata kama wewe si wa Muyama, soma. Pengine safari yako nawe iko njiani.

Wadogo zangu, hamjambo?

Walimu wenu wameniomba nizungumze juu ya afya ya safari. Najua wengine mlitegemea nianze na malaria, au na mambo ya wavulana na wasichana. Hayo nayo tutayagusa. Lakini leo naanza na kitu ambacho kila mmoja wenu amekwisha kukifikiria, tena sana. Nguo.

Maandalizi yenu nimeyasikia. Kuna anayeazima koti la kaka yake. Kuna aliyekwenda Kasulu kununua jinzi nzito na mabuti. Kuna msichana ambaye mama yake ameuza debe la maharage ili apate gauni la kung'aa lenye bitana. Hakuna anayetaka kuonekana mshamba akishuka pale kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. Siwalaumu, ujana ndivyo ulivyo. Lakini nawaambia ukweli: nguo nyingi kati ya hizo zitawatesa, na nyingine zitawaletea maradhi. Na maharage ya mama hayatarudi.

Kwa hiyo leo tujifunze swali moja tu. Kila nguo unayoishika, kabla hujaitia begini, iulize: "Wewe, utakauka?" Itaruhusu jasho langu likauke nikiwa nimeivaa? Na nikiifua leo, kesho itakuwa kavu? Nguo ikishindwa maswali hayo, iache nyumbani.

HUKU KWETU NA KULE KWAO

Sisi tunaishi vilimani, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Ndiyo maana hapa asubuhi kuna ukungu, na Juni na Julai hulali bila blanketi.

Dar es Salaam iko pale pale kwenye maji ya bahari. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32. Usiku nao haupoi. Mara nyingi hubaki kwenye nyuzi 24 hivi. Halafu masika huanza Machi na kwenda mpaka Mei, na Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Mwezi huo ndio mnaokwenda ninyi.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Joto? Mbona hata Kigoma mjini joto lipo?" Sawa. Lakini taabu ya pwani si joto peke yake, ni joto pamoja na unyevu.

Hebu fikirini mtungi wa udongo wa nyumbani. Kwa nini maji yake ni baridi? Kwa sababu maji hupenya kidogo kidogo, hutoka nje, na yakikauka pale nje huchukua joto na kwenda nalo. Mwili wako ni mtungi. Jasho likikauka juu ya ngozi, unapoa. Lakini hewa ya pwani imekwisha kubeba maji mengi. Jasho linatoka, halikauki, linatiririka tu. Ukiongeza na koti la polista juu yake, umeufunga mtungi kwa nailoni.

Mtu wa namna hiyo anaanza kuumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, misuli inakaza. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpepee, mpanguse kwa kitambaa chenye maji, mpe maji anywe kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizimia, hiyo ni hatari ya maisha. Usimnyweshe kitu. Endelea kumpoza na mkimbize hospitali.

Mwili hujifunza joto, lakini huchukua wiki moja hadi mbili. Wakati mwili wako unaanza kuzoea, likizo yenyewe imekwisha! Basi nguo ndiyo iwe msaada wako.

KITAMBAA GANI?

Pamba. Nyepesi na pana. Isiyobana kwapani wala mapajani.

Utaijuaje pamba mnadani, kwenye rundo la mitumba? Dondoshea tone la maji. Pamba iliyokwisha kufuliwa hulinywa. Polista nyingi huliacha likae juu kama umande kwenye jani la mgomba.

Lakini angalieni, pamba nayo inazidiana. Jinzi ni pamba, ila ni nzito. Swali la pili linaishinda. Ukiloana nayo masika, inaweza kukaa kwenye kamba siku mbili bado mbichi kiunoni na mifukoni. Ukiivaa hivyo hivyo, umejitafutia fangasi. Kinyume chake, jezi nyepesi ya mpira si pamba, lakini hukauka upesi. Kwa kuchezea inafaa.

Watu wa pwani hawakungoja muuguzi awaambie haya. Kanzu yao ni pana, nyeupe, inaingiza hewa. Kanga ilienea pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mpaka leo inapendwa: ni pamba nyepesi, inakauka upesi, na ni shuka, ni taulo, ni mtandio, na ni pazia la kubadilishia nguo ufukweni. Wavulana msicheke. Kikoi nacho ni hivyo hivyo. Kila mmoja wenu abebe kanga au kikoi kabla hajafikiria koti.

NJIANI

Sweta je? Beba moja, na usiipakie, ivae. Safari ni ndefu. Kwa treni, kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200, na kwa basi mtapita nyanda za kati ambako usiku na alfajiri kuna baridi. Mkifika, sweta litakaa chini ya begi mpaka siku ya kurudi.

Vaa suruali au sketi pana ya kukalia, na viatu vilivyolegea, maana miguu huvimba ukikaa muda mrefu. Basi likisimama, shuka utembee kidogo.

Na begi lenyewe? Zamani tulifunga nguo kwenye mifuko ya rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini. Tumia begi la turubai, shangazi kaja, au kiroba safi cha unga. Lakini kiroba cha mbolea au mfuko uliobeba dawa ya kahawa, hapana! Hata ukiufua. Sumu hubaki, na ngozi yenye jasho huinywa. Nguo za akiba zikunje katikati ya kanga, ziweke katikati ya begi ambapo maji hayafiki upesi.

MVUA YA PWANI

Ninyi mvua mnaijua. Lakini mvua ya mji ni mnyama mwingine. Huku maji hushuka bondeni yakaenda zake. Mjini yanakuta lami, mabati, mifereji iliyozibwa na taka. Kwa saa moja tu barabara inakuwa mto.

Desemba 2011, siku chache kabla ya Krismasi, mvua ya mfululizo iliua makumi ya watu Dar es Salaam. Waliokaa bonde la Msimbazi walipoteza nyumba, na baadhi wakahamishiwa Mabwepande. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamisha safari. Vimbunga ni nadra kwetu, lakini vipo. Lindi kiliipiga mwaka 1952. Kwa hiyo kila asubuhi sikilizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni au kwenye simu. Wakisema msitoke, msitoke.

Sasa nguo za mvua. Mwavuli hugeuzwa na upepo wa bahari. Koti jepesi la mvua linafaa zaidi, lakini livue mvua ikikatika. Ukitembea nalo kwenye jua utalowa jasho ndani kuliko ambavyo mvua ingekulowesha nje.

Viatu: jozi mbili zatosha. Moja ni sandali za plastiki zenye mkanda wa nyuma, za kukauka upesi. Nyingine raba nyepesi. Ndala ziwe za bafuni. Ndala huchopoka kwenye maji, nawe ukiinama kuikimbilia unaanguka. Mabuti ya ngozi yaacheni hapa Muyama, yakiloana kule yataota ukungu.

Lakini sikieni vizuri: hakuna kiatu cha kuvukia mafuriko. Maji ya mafuriko yanachanganyika na ya vyooni. Humo mna vijidudu vya kipindupindu, misumari, vioo, na mashimo ya mifereji iliyopoteza mifuniko. Maji yaendayo kasi, hata ya magotini, yanaweza kukuangusha. Wenyeji wakivuka, wewe subiri. Afadhali uchelewe nyumbani kwa shangazi kuliko usifike kabisa.

NGUO ZA NDANI

Najua mnaangaliana. Tulieni, ndipo penye maneno hasa.

Maradhi ya joto na unyevu huanzia mahali pasipoonekana: kwapani, chini ya matiti, kwenye mapaja, kati ya vidole vya miguu. Kwanza huja harara, vile vipele vidogo vya kuwasha. Halafu fangasi. Fangasi hupenda giza, joto na unyevu, na hivyo vitatu ndivyo unavyomwandalia ukivaa chupi ya naironi siku mbili mfululizo.

Beba chupi za pamba, sita hivi, kwa sababu masika huna uhakika wa kukausha kila siku. Badilisha kila siku, na kila unapoloana. Jikaushe vizuri kabla ya kuvaa. Taulo na chupi haviazimwi, hata na rafiki wa chanda na pete.

Piga pasi ukiweza, hata nguo za ndani. Si kwa ajili ya kujishaua. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na viluwiluwi vyake huingia kwenye ngozi na kufanya jipu. Pasi ya moto huyaua mayai.

Wasichana, hesabuni siku zenu kabla ya safari, na hata kama tarehe haiangukii kwenye likizo, bebeni. Safari huvuruga mzunguko. Kama unatumia vitambaa, jua kwamba kule havitakauka kama hapa. Beba vingi zaidi, au beba pedi za dukani kwa siku za mvua. Badilisha kila baada ya saa nne hadi sita. Usivifiche vikiwa vibichi chini ya godoro kwa sababu ya aibu. Kitambaa kibichi kina vijidudu. Siku ya kwanza tu mwambie shangazi au mama mwenyeji, "Naomba mahali pa kuanika." Naye ni mwanamke, anajua. Na wavulana, mkikuta vitambaa kwenye kamba, pita kimya. Huo ndio ustaarabu.

UFUKWENI NA MITAANI

Coco Beach mtakwenda, najua. Bahari si Malagarasi. Hujaa na kupwa, na huvuta. Usiingie majini na jinzi, zikiloana huwa nzito na kukuvuta chini. Kaptula nyepesi na fulana vinatosha. Ukitoka, oga maji baridi na ubadilishe. Chumvi na mchanga vikikaukia mwilini huchubua mapaja. Ukisikia radi, toka majini, na usikimbilie chini ya mnazi. Ingia ndani ya nyumba au gari.

Kofia pana kwa wote. Na wenzetu wenye ualbino: mikono mirefu ya pamba iliyofumwa vizuri, kofia ya ukingo mpana, miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua, hata siku ya mawingu.

Mbu wa malaria huuma usiku. Mbu wa dengi huuma mchana, na Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kwa hiyo kila mmoja awe na shati moja la mikono mirefu na suruali moja nyepesi. Ukipata homa, nenda ukapime. Usinywe aspirini wala ibuprofeni kabla hujapimwa, maana zinaweza kuzidisha kutokwa damu kwa mwenye dengi. Parasetamoli inaruhusiwa.

Watakaovuka kwenda Zanzibar, mjini wenyewe hufunika mabega na magoti. Mgeni mwenye adabu hufanya hivyo. Na aliyenunua mtumba wa mabakamabaka ya kijeshi auache nyumbani. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi na zinazofanana nazo. JWTZ walikumbusha hilo Agosti 2023.

BEGI LA SIKU SABA

Andikeni:
– Fulana au blauzi za pamba, nne.
– Shati moja la mikono mirefu.
– Suruali au sketi nyepesi, mbili.
– Kaptula moja, ya kuogelea na kuchezea.
– Nguo moja nzuri, nyepesi, ya kanisani, msikitini au kutembelea watu.
– Chupi sita, sidiria mbili.
– Kanga au kikoi, viwili.
– Sandali, raba, ndala.
– Koti jepesi la mvua na kofia.
– Sweta moja, umelivaa.
– Kipande cha sabuni, kamba ya kuanikia na vibanio vichache.
– Wasichana: vitambaa au pedi.

Basi. Begi hilo unaliinua kwa mkono mmoja.

MASWALI YENU

Mmeandika karatasi nyingi. Muda umebaki kidogo, nitajibu tatu. Majina hayapo, msiogope.

"Nina suruali moja na mashati mawili tu. Nikae nyumbani?"

Uende! Mwenye mashati mawili ya pamba na kipande cha sabuni ni nadhifu kuliko mwenye begi la nguo mbichi. Jioni fua moja, vaa jingine. Na ninyi mlio na nne, mwazimeni mwenzenu moja bila kumtangaza.

"Mapajani nawashwa miezi mitatu sasa. Naona aibu."

Ni fangasi huenda, na si dalili ya uchafu wala uhuni. Njoo zahanati kabla ya safari. Kuna dawa ya kupaka, kama klotrimazoli. Ipake mpaka siku ulizoambiwa ziishe, hata kama muwasho umeacha mapema. Usipake krimu za kung'arisha ngozi, zinamlea fangasi. Joto la Dar litaongeza tatizo mara mbili, kwa hiyo njoo wiki hii.

"Kuna mtu yuko Dar, ananipigia simu. Anasema nisibebe nguo, nikifika atanivalisha yeye. Je, ni vibaya?"

Asante, uliyeandika. Umefanya ushujaa.

Mdogo wangu, mtu anayekutaka ufike bila nguo zako anakutaka ufike bila uwezo wa kuondoka. Leo gauni, kesho chumba, keshokutwa anadai malipo, na malipo yenyewe unayajua. Hapo ndipo mimba isiyotarajiwa inapoingia, na Virusi vya UKIMWI. Ukiwa umevaa nguo aliyoinunua, usiku, katika mji usioujua, kusema "hapana" au "tumia kondomu" ni kazi ngumu sana. Kusema "hapana" leo, ukiwa hapa Muyama, ni rahisi. Mwambie una nguo zako.

Kisha mweleze mwalimu wa kike, au mimi. Jina lako litabaki kwangu. Ukiwa safarini, nauli ya kurudi ikae mahali unapopajua wewe peke yako, na namba ya shangazi ikae kichwani, si kwenye simu tu. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, na hailipiwi. Wengine nao waishike namba hiyo.

Mnaona sasa kwa nini nilianza na nguo? Begi lako ndiyo nyumba yako ya safari. Likiwa na vitu vyako, vichache, safi, vinavyokauka, humtegemei mtu.

Leo jioni mwageni kila kitu kitandani. Ulizeni lile swali, nguo moja moja. Zitakazoshindwa, rudisheni kabatini au kwa mwenyewe. Na yule ambaye mama yake bado hajauza maharage, mwambie asiuze. Zahanati iko wazi mpaka Ijumaa, saa tisa na nusu. Karibuni, na safari njema.